MBWA KALI GETINI: NANI ALIMFUNDISHA UKALI?



Leo sihubiri juu ya maadui wala juu ya milango kufunguka. Leo nataka tuzungumze kuhusu mbwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Yule aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba yako, anayetupiwa mabaki ya ugali usiku, ambaye huenda hujamtazama machoni tangu mwaka jana. Usipite, mzazi mwenzangu. Soma hadi mwisho, kwa sababu neno hili linamhusu mtoto wako kuliko linavyomhusu mbwa.

Acha nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mchungaji asiyekubali kukosolewa hana haki ya kuwakosoa wengine.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa ndani nikitayarisha ujumbe wa Jumapili. Kijana wetu wa mwisho, wakati huo akiwa na miaka 4, alikuwa akicheza nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tukimfunga mbwa wetu, Simba, chini ya mti wa avokado. Mara nikasikia mbwa analia, kisha mtoto akapiga nduru.

Nilipofika nilimkuta ameshika mkono, damu inatoka. Meno mawili yalikuwa yamepita kwenye ngozi karibu na kidole gumba. Pembeni kulikuwa na mti wa ufagio, na sufuria ya Simba ilikuwa imepinduka, chakula kimemwagika. Sikuuliza swali hata moja. Niliokota ule mti nikamwendea mbwa. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: huyu haoni kesho.

Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye aliyenizuia. Akasema kwa sauti ya chini, "Pastor, tafadhali usimpige. Mtoto ndiye alimdunga na huo mti akikula."

Nikamgeukia kijana. "Kwa nini ulimdunga Simba?"

Huku akilia akanijibu, "Simba ni mbaya. Hata wewe humpiga."

Kisha akanionyesha. Aliinua mguu wake mdogo, akapiga teke hewani, akasema, "Toka hapa!" Sauti ilikuwa ya mtoto, lakini maneno yalikuwa yangu. Hata namna ya kukunja uso ilikuwa yangu. Kila jioni nilipofika nyumbani Simba alikuwa amefunguliwa, akija mbio kunilaki getini, akinirukia na miguu yenye matope, nami nampiga teke asinichafulie suruali. Sikuwahi kufikiri kuna mtu anatazama. Kumbe kila jioni kulikuwa na mwanafunzi mlangoni.

Mama Mchungaji ndiye aliyekuwa na akili siku hiyo. Aliosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukaenda hospitali. Huko daktari akaniuliza swali lililonimaliza: "Mbwa amechanjwa?" Cheti kilikuwa kabatini nyumbani, lakini tarehe ilikuwa imepita zamani. Gari nilikuwa nimelipia bima. Mbwa anayelala karibu na watoto wangu nilikuwa nimemsahau. Mtoto akaanza kudungwa chanjo siku hiyo hiyo, na tukaambiwa tumfungie Simba mahali salama, tumchunguze kwa siku 10.

Siku 10, wapendwa! Nimewahi kufunga siku nyingi kuliko hizo, lakini hazijawahi kuwa ndefu hivyo. Kila asubuhi kabla ya maombi nilienda kumwangalia. Amekula? Amekunywa maji? Anatembea sawasawa? Anatokwa na mate? Na kwa sababu nililazimika kumtazama, nikamwona kwa mara ya kwanza. Niliona shingo yake, pale mnyororo ulipokuwa ukisugua, manyoya yameisha na ngozi imechubuka. Niliona maji yake, yameota ukijani ndani ya kopo. Na bado kila aliponiona alitikisa mkia. Alinitikisia mkia mimi, mtu wa mateke.

Simba hakuwa na ugonjwa. Mtoto akapona. Nikafikiri jambo limeisha.

Wiki ile ile Mama Mchungaji aliketi jikoni na yule dada, akamshukuru kwa kusema ukweli. Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, si Simba peke yake. Hata mimi mtoto hunipiga teke. Huniambia 'toka hapa.'" Alikuwa amelibeba jambo hilo kwa miezi, akiogopa kupoteza kazi.

Hapo ndipo nilipoketi chini nikalia.

ANAJIFUNZA KWA YULE ASIYEWEZA KUMSHTAKI

Nisikilize, mzazi. Mtoto wako hana mamlaka juu ya mtu yeyote. Anaamshwa, anavalishwa, anaambiwa kula, anaambiwa lala. Kiumbe wa kwanza anayeweza kumwamuru ni mbwa, au paka, au kuku wa hapo nyumbani. Hapo ndipo anaonja nguvu kwa mara ya kwanza. Na hapo ndipo anaamua, kwa kukutazama wewe, nguvu hutumiwaje.

Mbwa haendi kushtaki kwa mama. Hapigi simu kwa polisi. Haandiki barua kwa wazee wa kanisa. Mtoto anayefundishwa kwamba ni sawa kumuumiza asiyeweza kushtaki hataishia kwa mbwa. Kesho ni dada wa kazi. Kesho kutwa ni mtoto mdogo shuleni, yule mnyonge wa darasa. Baada ya miaka 20 ni mke wake, usiku, milango imefungwa. Halafu wewe unakuja ofisini kwangu unalia, "Pastor, sijui kijana wangu alitoa wapi tabia hii."

Sisemi kila mtoto aliyerushia mbwa jiwe atakuwa mtu mbaya. Wengi wetu tulirusha, na neema imetufikisha hapa. Ninachosema ni kwamba shule ya huruma hufunguliwa mapema, na mwalimu wake wa kwanza huenda ana miguu minne.

NENO LINASEMA NINI?

Fungua Mwanzo 1:28. Tunapenda sana mstari huo, tunauhubiri kwa nguvu: tumepewa kutawala! Amina. Lakini rudi mstari mmoja nyuma uone tumepewa kutawala tukiwa nani. Tumeumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi tunapaswa kutawala kama yeye anavyotawala. Je, Mungu anakutawala kwa mateke? Ukimkimbilia kwa furaha na miguu yako ina matope, anakupiga teke usimchafue? Kama angefanya hivyo, mimi nisingekuwa madhabahuni leo.

Tazama pia kazi ya kwanza ambayo Adamu alipewa kuhusu wanyama katika Mwanzo 2. Hakupewa fimbo. Aliletewa wanyama awape majina. Ukimpa kiumbe jina, umekubali kwamba yupo na kwamba utamwita tena kesho. Kwa hiyo mtoto anapompa mbwa jina, usimcheke. Anafanya kazi ya Adamu.

Mithali 12:10 inaweka jambo hili wazi kabisa: mwenye haki hutambulika kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Suleimani angeweza kusema mwenye haki hutambulika kwa sadaka yake au kwa maombi yake marefu. Hapo alituelekeza kwenye zizi. Akikuja nyumbani kwako leo, atakuta nini kwenye kopo la maji?

Kisha kuna Rebeka, Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alitumwa kumtafutia Isaka mke. Alipofika kisimani aliomba ishara. Hakuomba msichana mrembo kuliko wote, wala mwimbaji bora. Aliomba yule ambaye akiombwa maji, atasema atawanywesha na ngamia pia. Ngamia walikuwa 10! Ndugu zetu wa Isiolo, Marsabit na Wajir wanajua ninachosema: ngamia mmoja mwenye kiu anaweza kunywa zaidi ya lita 100. Hesabu mitungi. Hesabu safari za kushuka na kupanda pale kisimani. Na Rebeka hakujua kwamba anapimwa. Alikuwa akifanya alichozoea kufanya.

Mama, baba, unamlilia Mungu ampe binti yako mume mwema, ampe kijana wako mke mwema. Vizuri. Lakini je, mtoto wako mwenyewe angepita mtihani wa kisimani? Rebeka hakujifunza wema ule asubuhi hiyo. Kuna mtu alimlea hivyo tangu akiwa mdogo.

Na umkumbuke Balaamu, Hesabu 22. Mtumishi wa Mungu, mwenye jina kubwa, amepanda punda wake. Punda anaona malaika mwenye upanga, yeye nabii haoni. Anampiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Punda alikuwa akimwokoa maisha! Na malaika alipofunuliwa, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya zile fimbo tatu: kwa nini umempiga punda wako? Mbingu zilikuwa zimehesabu. Kumbe hata mapigo ya mnyama huhesabiwa.

"LAKINI PASTOR, BIBLIA INASEMA VIBAYA KUHUSU MBWA"

Najua mtaniandikia. Mtaniletea Wafilipi 3:2, mtaniletea Ufunuo 22:15. Ni kweli, sitaficha. Katika Maandiko neno "mbwa" mara nyingi ni tusi. Wakati ule mbwa wengi walizurura mitaani wakila mizoga, kama tunavyowaona kwenye majalala yetu. Mtume alipowaita watu fulani mbwa alikuwa akizungumza juu ya watu na matendo yao. Hakuwa akikupa ruhusa ya kumvunja Simba mguu.

Tena soma yote, usichague. Kutoka 11:7, usiku Israeli wanatoka Misri, Mungu aliahidi kwamba hata mbwa hatawabwekea. Baadaye, Kutoka 22:31, alipotoa sheria kuhusu nyama ya mnyama aliyeraruliwa porini, alisema wapewe mbwa. Mungu mwenye ulimwengu wote alikumbuka fungu la mbwa. Katika Mathayo 15, yule mama Mkanaani aliyemlilia Yesu kwa ajili ya binti yake alitumia mfano wa mbwa wadogo chini ya meza ya bwana wao. Yesu aliisifu imani yake. Katika nyumba walizozijua watu wale, mbwa alikuwa karibu na meza, na makombo yalimfikia.

Na Luka 16 hunigusa kila mara. Lazaro amelala mlangoni pa tajiri, mwili umejaa vidonda. Tajiri anapita. Marafiki wa tajiri wanapita. Ni nani waliomkaribia? Mbwa. Siku ile getini pale mbwa walikuwa karibu na mgonjwa kuliko watu wa karamu.

Wengine mtasema, "Pastor, mimi nikiota mbwa najua ni vita vya kiroho." Mpendwa, kama umeota ndoto ya kukusumbua, omba, mkabidhi Bwana, ulale. Lakini usiamke asubuhi ukamwadhibu mbwa wako kwa ndoto uliyoota wewe. Yeye alikuwa nje kwenye baridi akilinda nyumba.

Na kuna swali zito ambalo siwezi kulipita: "Watu wana njaa, karo haijalipwa, na wewe unatuhubiria mbwa?" Nakuelewa. Sikwambii umnunulie mbwa chakula cha dukani huku watoto wamelala njaa. Mtoto ni mtoto na mbwa ni mbwa. Lakini maji safi yanagharimu nini? Kutompiga kunagharimu nini? Yona 4 inaisha kwa Mungu kuhesabu watu wa Ninawi, zaidi ya 120,000, na mara moja anataja pia wanyama wao wengi. Moyo wake ulitosha kwa wote. Huruma si unga wa debe, kwamba ukimpa huyu kikombe, yule atakosa. Nimewazika wengi na kuwafungisha ndoa wengi, na sijakutana na mtu aliyepungukiwa upendo kwa watu kwa sababu alimhurumia mnyama.

TUWAFUNDISHE NINI, KWA VITENDO?

Usimwambie mtoto "mpende mbwa" ukaishia hapo. Mtoto wa miaka 3 anaelewa mapenzi kuwa ni kukumbatia shingo kwa nguvu. Mfundishe heshima. Heshima ina kanuni zake.

Akila, mwache. Akilala, mwache. Akinyonyesha watoto wake, kaa mbali kabisa. Wewe mwenyewe hupendi mtu akutie mkono kwenye sahani, au akurukie ukiwa usingizini.

Usimvute mkia wala masikio. Usimpande mgongoni kama farasi. Usimrushie mawe. Usimdunge kwa mti. Ukitaka kumgusa, mwite kwanza, mwache akujie, kisha mpapase taratibu begani au kifuani kwa mkono wazi. Asipokuja, hataki. Hilo nalo ni somo kubwa: mtoto ajifunze mapema kwamba mwili wa mwingine si wake, na kwamba akikataliwa anarudi nyuma bila hasira. Wazazi wa wavulana, mmenisikia?

Mfundishe lugha ya mbwa. Akigeuza kichwa pembeni, akilamba midomo bila chakula, akificha mkia katikati ya miguu, akikaza mwili, anasema "nimechoka, niache." Akinguruma, anasema kwa sauti. Na wewe mzazi, usimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo, kama punda wa Balaamu alivyosogea ukutani. Ukimfundisha kwa fimbo kwamba asionye, siku moja atauma bila kuonya.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mpole vipi. Watoto wengi huumwa na mbwa wanaomjua, wa nyumbani au wa jirani. Wewe ndiye mtu mzima pale. Simba alipomuuma kijana wangu, makosa yalikuwa matatu, na mawili yalikuwa yangu: nilimwonyesha mabaya, na sikuwa pale.

Mpe mtoto kazi ndogo. Wa miaka 4 anaweza kusaidia kujaza maji kwenye kopo, wewe ukiwa kando. Wa miaka 7 anaweza kukumbusha kama mbwa amekula. Wa miaka 10 anaweza kusafisha kibanda chake na kuandika tarehe ya chanjo kwenye kalenda. Lakini usimtwike mtoto mzigo wote halafu mbwa akikonda useme ni kosa la mtoto. Mwenye nyumba ni wewe.

Na tafadhali, usimpe mtoto gunia lenye watoto wa mbwa umwambie, "Peleka ukatupe." Najua hufanyika. Baadhi yetu tulitumwa tukiwa wadogo, na hadi leo tunakumbuka ile sauti ndani ya gunia tukielekea mtoni. Kama hutaki watoto wa mbwa, zungumza na daktari wa mifugo, mbwa ahasiwe. Usimtume mtoto kwenda kuua kitu kinacholia.

CHANJO NI UPENDO

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo la uhai na mauti. Kichaa cha mbwa bado kinaua katika nchi yetu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya watu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini unaweza kuzuiwa! Mchanje mbwa kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako kuhusu siku za chanjo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi hufanya kampeni wakati huo.

Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake majivu, usingoje uone. Na usije kwangu kwanza. Nenda hospitali, nami nitakuombea ukiwa njiani. Mungu anayeponya ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kutengeneza chanjo.

Tena mwambie mtoto wako hivi: "Ukiumwa, niambie. Sitakuchapa." Mtoto anayeogopa kiboko huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linaloua.

"AKIPENDWA ATAHARIBIKA, HATALINDA"

Huo ni uongo wa zamani. Watu humnyima mbwa chakula ili awe mkali. Wengine humlisha pilipili. Wanamfunga mnyororo mfupi mchana kutwa kwenye jua, wakidhani wanatengeneza askari. Mbwa mwenye njaa ni wa kwanza kupokea kipande cha nyama kutoka kwa mwizi. Mbwa aliyetendewa kwa ukatili na kila mtu hawezi kutofautisha mgeni na mtoto wako. Anayejua watu wake, anayeshiba, anayetembea na kupumzika, huyo hubweka kwa sababu ana kitu cha kulinda. Na kwa taarifa yako, nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kumpiga mnyama ovyo na kumtesa kwa njaa ni kosa la jinai. Mkristo asingoje kufundishwa huruma na polisi.

Magetini petu kumeandikwa "MBWA KALI." Walimu wa Kiswahili huniambia ilipaswa kuwa "mbwa mkali," na wana haki. Lakini mimi nikipita najiuliza swali lingine. Alizaliwa mkali? Alikuja hapa akiwa mdogo, anayenusa viatu na kulala miguuni. Nani alimfundisha ukali? Na yule aliyemfundisha mbwa, amemfundisha nani mwingine ndani ya nyumba hiyo?

NILIFANYA NINI?

Nilimwita kijana wangu, nikapiga magoti nilingane naye kwa urefu, nikamwambia, "Baba alikosea. Kumpiga Simba teke ni vibaya. Kumwambia dada 'toka hapa' ni vibaya. Baba ameomba Mungu msamaha." Kisha tukaenda jikoni, mimi na yeye, tukamwomba dada msamaha. Mimi kwanza, maana somo lilianzia kwangu. Haikuwa rahisi. Nimesimama mbele ya maelfu nikihubiri bila kutetemeka, lakini mbele ya yule dada sauti ilikatika.

Mnyororo tukauondoa. Fundi akazungusha waya nyuma ya nyumba, Simba akapata mahali pa kutembea, na kibanda kisichovuja. Nikamfundisha asiniruke kwa kusimama tu na kungoja hadi aketi, ndipo namsalimu. Ilichukua wiki chache. Kumbe haikuhitaji teke hata moja miaka yote ile.

Simba amezeeka sasa, macho yamefifia. Yule kijana ni mkubwa. Majuzi nilimwona akimwekea maji, akamwita kwa jina kutoka mbali kabla ya kumgusa, asimshtue, kwa sababu haoni vizuri. Hakujua natazama. Nilisimama mlangoni, pale pale aliposimama yeye akinitazama mimi, nikamshukuru Mungu.

Mzazi, leo jioni ukifika nyumbani, kuna macho mlangoni. Uwape nini cha kuona?

TUOMBE PAMOJA

Baba wa mbinguni, wewe unayehesabu shomoro, nisamehe kwa nguvu nilizotumia vibaya juu ya wale wasioweza kunishtaki. Nisamehe kwa yale watoto wangu waliyojifunza nikidhani hawaoni. Ulainishe mkono wangu. Uulainishe ulimi wangu. Wape watoto wangu moyo wa Rebeka, wawe wema hata wasipojua kwamba wanapimwa. Nyumba yangu iwe mahali ambapo hata mnyama yuko salama. Katika jina la Yesu. Amina.

Kazi ya wiki hii: kabla ya Jumapili, osha kopo la maji la mbwa ukiwa na mtoto wako, na mkatafute cheti cha chanjo muone tarehe. Kama huna mbwa, mfundishe mtoto namna ya kumpita wa jirani bila kumrushia jiwe.

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA, kisha umtumie mzazi mmoja mwenye watoto wadogo. Tukutane Jumapili.